Turudishieni alto Krismasi hii

Mhariri,

Sina ugomvi na mwimbaji Josh Groban. Natanguliza hilo kwa sababu najua kuna watakaosoma barua hii wakasema mama wa Jericho, hapa Nairobi, anamwonea wivu kijana wa Los Angeles. Wivu ninao, sikatai, lakini si kwake.

Jumamosi iliyopita gazeti lako lilichapisha orodha ya albamu za kufungulia msimu wa Krismasi, na ya kwanza kabisa ilikuwa Noël, aliyoitoa Groban mwezi Oktoba mwaka 2007. Mwandishi wako aliimwagia sifa, kisha akamalizia kwa kuzishauri kwaya za makanisa yetu ziige mfano huo. Hapo ndipo nilipoweka gazeti chini. Zimeshaiga, Mhariri. Zimeiga mpaka sisi alto tumebaki wa kushikia watu mikoba.

Mimi ni fundi wa cherehani. Kibanda changu kiko karibu na soko la Jericho, na kuanzia Septemba hadi mkesha wa Krismasi kinachonilisha ni majoho ya kwaya. Vitambaa navifuata Biashara Street au Eastleigh, inategemea nani kashusha bei. Kwaya nyingi za Eastlands zimepita mkononi mwangu, nikijua nani amenenepa na nani amepungua, na kanisa gani hulipa kwa wakati na lipi hulipa kwa maombi. Siku za mazoezi naacha cherehani, nachukua kitabu cha nyimbo, nakwenda kusimama safu ya pili. Nimekuwa alto tangu shule ya msingi, enzi mwalimu alipokuwa akituandikia solfa, zile noti za herufi d, r, m, ubaoni kwa chaki tukijiandaa kwa tamasha la muziki la shule, lile ambalo mizizi yake ni ya mwaka 1927 na bado linaendelea.

Kwa msomaji asiyezijua habari za kwaya: sauti ni nne. Soprano ndiye mwenye ule wimbo ambao watu hutoka nao kanisani wakiupiga mluzi. Besi ni msingi, hata aliye nje barabarani anamsikia. Tenori ana mbwembwe zake na hujui kama atafika mazoezini. Alto hana chochote cha kupigwa mluzi. Mstari wake huzunguka kwenye noti tatu nne katikati, na ukimpa peke yake auimbe, mtu atauliza kama amesahau wimbo. Lakini mwondoe. Hakuna atakayekuambia kilichotoka ni nini, ila wote watahisi wimbo umepwaya, kama joho lililokatwa bila kupimwa begani.

Sasa, hiyo Noël naijua kuliko mwandishi wako anavyodhani. Binti yangu aliniwekea kwenye flashi, na redio yangu ya kibandani ina tundu la flashi. Nimeshona nayo misimu kadhaa. Nitampa Groban haki yake: ana pumzi. Sikiliza anavyoimba Panis Angelicus, maneno ya Thomaso wa Akwino na muziki ambao mtunzi César Franck aliutunga mwaka 1872. Ule mstari wa kwanza ni mrefu na hauna pa kujifichia. Mwimbaji wa kawaida hukata katikati akavuta hewa kama mtu aliyepanda ngazi. Yeye anaupeleka hadi mwisho, na mwishoni hautupi, anauweka. Mimi huwa natoa mguu kwenye kanyagio la cherehani nikifika hapo, kwa heshima tu. Pia ana sauti ya kiume kweli, baritoni, haoni haya kukaa chini.

Na biashara alifanya. Noël ndiyo albamu iliyouzwa kuliko zote Marekani mwaka huo wa 2007, nakala zaidi ya milioni 3 na nusu, ingawa ilitoka mwaka ukikaribia kwisha. Ilikaa nambari 1 kwenye chati ya Billboard wiki 5. Kijana wa miaka 26 akiimba nyimbo za bibi zetu. Basi asidhani mtu kwamba nyimbo za zamani zimechujuka. Zinauzika, wakijua kuziuza.

Hata historia yake inanifurahisha. Mwaka 1999 Andrea Bocelli alitarajiwa kuimba na Celine Dion kwenye sherehe za tuzo za Grammy, lakini hakuweza kuwahi mazoezi. Mtayarishaji David Foster akamtafuta mvulana wa miaka 17 asimame pahali pake mazoezini. Mvulana huyo ndiye Groban, na kazi yake yote ilianzia hapo. Kwa hiyo vijana mnaokosa mazoezi ya Alhamisi kwa visingizio vya mvua, zingatieni: kuna mtu alijenga maisha kwa kuhudhuria mazoezi ya mwingine.

Huyo Foster ndiye aliyeitayarisha Noël, na yeye ndiye ninayetaka kumzungumzia, kwa sababu watu wanamsifu mwimbaji wakati wanachokiiga ni cha mtayarishaji. Foster ana njia yake na dunia nzima inaijua. Wimbo unaanza kwa unyenyekevu, kinanda kidogo, sauti kama ya mtu anayekunong'oneza. Kisha vinanda vya uta vinaingia. Kisha ngoma. Kisha, ukidhani umefika, ufunguo unapandishwa, wimbo wote unaruka juu, na mwimbaji anamalizia akiwa ameshika noti ndefu huku okestra ikipasuka nyuma yake. Kwenye spika ni raha. Nimewahi kushona mkono wa joho kinyume kwa sababu ya noti kama hiyo.

Ila ule ni muziki wa mtu mmoja mwenye maiki. Wengine wote wamewekwa nyuma kama pazia. Kwenye O Come, All Ye Faithful ya albamu hiyo kuna Mormon Tabernacle Choir, kama ilivyoitwa wakati huo, ya Salt Lake City, kwaya iliyoanza mwaka 1847 na yenye waimbaji wapatao 360. Mia tatu na sitini! Kanisa letu likijaa mpaka uwanjani hatufiki idadi hiyo. Nimetega sikio mara nyingi kuwatafuta alto wenzangu katika umati huo, sikio langu limegusa redio. Najua wamo. Kwaya ile haina mchezo, alto wake wamefunzwa. Lakini nawapata kwa taabu, kwa sababu fundi mitambo kazi aliyopewa ni kumweka Groban mbele ya uso wangu. Sawa, albamu ni yake, jina lake ndilo liko kwenye jalada.

Kanisa si la mtu mmoja. Na hapo ndipo penye malalamiko yangu.

Mwaka huu mwenyekiti wa kwaya moja, sitaitaja, alikuja kibandani kuagiza. Nikatoa daftari la vipimo nikijua ni majoho kama kawaida. Akaniambia hapana, anataka koti moja la velveti, rangi ya damu ya mzee, kola ya satini nyeusi, la mwimbaji pekee. Na sisi wengine? Skafu. "Nyinyi mtasimama nyuma tu, Mama, mkisema uuu." Nilimwandikia risiti ya koti na za skafu, nikamkunjia vizuri. Pesa ni pesa. Lakini nilibaki nimeshika ule mkanda wa vipimo nikijiuliza kama huyu mtu ana habari kwamba "uuu" ndilo neno pekee alto wa kwaya yake watakaloimba Krismasi nzima.

Kule kwetu nako hali ni hiyo hiyo. Tuna kijana mwenye sauti nzuri sana. Mchana anauza makava ya simu Luthuli Avenue, jioni anakuja mazoezini. Ana heshima, ananiita Shosho, yaani bibi, ingawa sijafika huko. Wimbo amejifunza kutoka kwa Groban moja kwa moja, waya masikioni, ndani ya matatu, noti kwa noti, hadi pale Groban anapovuta hewa naye anavuta. Biti, yaani muziki wa kusindikiza uliokwisha kurekodiwa, ameitoa kwenye intaneti. Siku ya ibada biti inachomekwa, yeye anashika maiki, sisi tunashika skafu zetu.

Mkesha wa mwaka jana aliimba Silent Night kwa Kiswahili. Beti ya kwanza ilikuwa tamu, waumini wakaanza kumfuata polepole. Kwenye benchi la pili kuna mzee mmoja ambaye huimba kila kitu, hata matangazo ukiyatia tuni ataimba. Alikuwa amefungua kitabu chake, kidole kwenye mstari. Ikaja ile sehemu ya Foster, biti ikapanda. Mzee akajaribu kupanda nayo, shingo ikakaza, sauti ikakatika. Akajaribu kushuka chini, chini nako hakukufikika. Akafunga kitabu, akakitia kwenye mfuko wa koti, akakunja mikono. Nikageuka kuangalia nyuma: kanisa zima limenyamaza, wanamtazama kijana. Na simu juu, wanarekodi.

Sababu yake ni ya kiufundi na inaweza kuelezwa. Wimbo ule unaonekana mpole lakini una nafasi kubwa: kwa solfa unaanzia d (do) ya chini, ile ya neno la mwisho, hadi f (fa) ya juu pale karibu na mwisho wa beti. Noti kumi na moja. Mtu wa kawaida, asiyefunzwa, zile kumi na moja ndizo zote alizo nazo, tena kama amekunywa chai. Zitunge kwenye ufunguo unaomfaa, ataimba mpaka mwisho. Zipandishe kidogo tu, umemfunga mdomo. Na siku hizi kupandisha hakuhitaji hata ujuzi, kinanda kina kitufe: unakibonyeza, mpiga kinanda anaendelea na vidole vilevile, waumini ndio wanaohama.

Halafu vokali. Hili niliseme haraka, maana nimewahi kulisema mazoezini nikaonekana mkoloni. Waimbaji kama Groban hutumia miaka wakijifunza Kiitaliano ili wapate a, e, i, o, u safi, zisizoyumba, kwa sababu sauti hupenda kupitia kwenye vokali iliyo wazi. Sisi tumezaliwa nazo! Kiswahili chote ni vokali safi na karibu kila silabi iko wazi. Kisha kijana wetu anachukua "usiku" anaimeza ndani kooni, inatoka "oosikow," ili afanane na Mmarekani ambaye naye anahangaika afanane na Mwitaliano. Hilo ni kuzunguka Mombasa ukitoka Jericho kwenda Makadara, mtaa wa jirani.

Simlaumu kijana, na wala simlaumu yule mwenyekiti wa skafu sana. Kuna sababu ya biti kushinda kwaya, na si uvivu peke yake kama wazee wenzangu wanavyopenda kusema. Sauti nne zinahitaji watu wa sauti nne wafike mahali pamoja saa moja. Hebu lijaribu hilo Nairobi. Soprano wako Mlolongo, tenori anatoka kazini Westlands saa moja usiku, Jogoo Road imefunga, mvua ya Novemba inanyesha, besi wawili ni askari wa usiku na zamu zao hubadilishwa bila taarifa. Tukipanga mazoezi ya saa kumi na mbili na nusu, tunaanza saa mbili, na wanaokaa mbali wameshaanza kuangalia saa. Mara nyingi tumefanya mazoezi ya wimbo wa sauti nne tukiwa sauti mbili, alto na besi, tukiimba mstari usio na wimbo ndani yake. Mtu akipita nje anadhani tunaomboleza. Mwimbaji pekee hana shida hizo. Mazoezi yake yako kwenye matatu. Hana nauli ya kurudishiwa, hana chai ya kununuliwa, hana mwalimu wa kulipwa. Flashi moja, koti moja. Mweka hazina wa kanisa akipiga hesabu, unadhani ataegemea wapi?

Kwa hiyo mwandishi wako anaposema kwaya ziige albamu ile, angejua kwamba anaimwagia petroli nyumba inayowaka. Groban alipewa okestra nzima. Alipewa Faith Hill wa kuimba naye wimbo mmoja na Brian McKnight mwingine. Alipewa fundi mitambo, muda na pesa za kampuni kubwa. Sisi tunaiga matokeo bila kuwa na kimojawapo cha vitu hivyo, na katika kuiga tunatupa kile kimoja ambacho tulikuwa nacho bure, yaani watu wengi wanaojua kuimba kwa kupatana.

Na wimbo wenyewe haukuzaliwa hivyo. Maneno ya Silent Night yaliandikwa na padri kijana, Joseph Mohr, mwaka 1816. Muziki ulitungwa na Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga kinanda wa kanisa. Uliimbwa mara ya kwanza usiku wa 24 Desemba 1818, katika kanisa la Mtakatifu Nikolasi, kijiji cha Oberndorf karibu na Salzburg, Austria. Gitaa moja. Mohr tenori, Gruber besi, wawili hao wakiimba pamoja, na kwaya ikirudia mistari ya mwisho ya kila beti kwa sauti zote. Kanisa la kijiji, mwalimu wa shule, gitaa. Hiyo nayo ni bajeti ya Jericho! Hatuhitaji kuvuka bahari kuifikia.

Alto hatukosi hata haki ya kusimama mbele, ikiwa tatizo ni kwamba watu wanataka mtu wa kumtazama. Mtunzi Handel alipoimbisha Messiah, utunzi wake mkubwa wa kwaya, kwa mara ya kwanza, Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, wimbo mzito kuliko yote, ule wa masihi aliyedharauliwa na kukataliwa, haukuimbwa na soprano. Alipewa alto, mwigizaji aliyeitwa Susannah Cibber, mwanamke ambaye sauti yake watu walisema ni ndogo na jina lake lilikuwa limechafuka mjini. Wimbo wenyewe unakaa chini, pale katikati ambapo mtu huongea. Nikiwaeleza wasichana wa kwaya habari hiyo huwa wanataka kuhamia alto wote, kwa wiki moja.

Na mifano ya hapa ipo. Muungano National Choir, chini ya marehemu Boniface Mganga, walirekodi Missa Luba mwaka 1990 na ikasikika mbali sana na Nairobi. Ile ni Misa ya Kilatini iliyotiwa mapigo ya Kongo, ikaimbwa na Wakenya. Mtu akitaka muziki unaovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, aanzie hapo. Au aanzie kwenye wimbo wetu wa taifa, ambao mwaka 1963 jopo la wanamuziki waliutoa kwenye wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, wakaupangia sauti, leo unasimamiwa wima. Alto ya wimbo wa taifa, kwa taarifa yako, ni nzuri mno. Sijui mbona haifundishwi.

Nitamwachia Groban wimbo mmoja usioguswa. Kwenye albamu ile kuna I'll Be Home for Christmas, wimbo ambao Bing Crosby aliurekodi mwaka 1943, Vita vya Pili vikiwa vimepamba moto, na ambao Groban ameuwekea sauti za wanajeshi na jamaa zao wakitumiana salamu. Huo si wa kanisani wala hauna haja ya alto. Ningependa mtu aufungulie spika kubwa pale stendi ya mabasi ya Machakos, hapa Nairobi, tarehe 23 Desemba, nauli ikiwa imepanda maradufu, akina mama wamekalia magunia, mtoto ana kuku mapajani. Kila aliye pale angejua unasema nini bila kutafsiriwa. Mstari wake wa mwisho, ule wa kwamba huenda nitafika ndotoni tu, nadhani ulitungwa kwa ajili ya abiria wa Busia aliyekosa tiketi.

Turudi kwenye kwaya. Silo jambo gumu ninaloomba. Kijana wa Luthuli aimbe beti ya kwanza, hata na koti lake, nitamshonea mwenyewe na kifungo cha ziada. Beti ya pili iachiwe kwaya, bila biti, kwa sauti nne. Beti ya tatu waumini wote, na mpiga kinanda aweke mkono mbali na kile kitufe. Biti ikiwa lazima iwepo, basi ipunguzwe ufunguo mpaka yule mzee wa benchi la pili atoe kitabu chake mfukoni. Walimu wa kwaya mnaosoma hili, mnajua kwamba hilo linawezekana kwa mazoezi machache, hata tenori akichelewa.

Kwako wewe Mhariri nina ombi moja, na halina gharama kubwa. Desemba gazeti lako huwa na kurasa nyingi za rangi kuhusu albamu, keki na miti ya plastiki yenye theluji ya pamba. Nipe nusu ukurasa. Chapisha humo Silent Night kwa solfa, sauti zote nne, kwa maneno ya Kiswahili ya muziki ule ule. Gruber alifariki mwaka 1863, hakuna atakayekuja kudai haki zake. Solfa ndiyo iliyotufundisha wengi wetu. Yule mchungaji Mwingereza, John Curwen, aliyeieneza katika karne ya 19 aliitaka hasa kwa watu wasio na kinanda wala pesa za kusomea noti za mistari. Watu wataukata ukurasa huo, watauweka ndani ya Biblia. Mtu akiwa kwenye matatu Jogoo Road, badala ya waya masikioni, ana karatasi magotini anajifunza sauti yake. Atafika mazoezini akiwa ameshaijua, na lile tatizo la saa mbili usiku tutakuwa tumelipunguza nusu.

Soprano itaanza s l s m. Chini yake alto m f m d, halafu hivyo hivyo tena. Waambie wapangaji kurasa wenu kwamba mstari wa pili kutoka juu ndio huo, wauchape kwa herufi kubwa maana taa za kanisa letu ni hafifu na wengi wetu tumeanza kuvaa miwani. Na tafadhali sana, nafasi ikibana, msiukate ili kuingiza tangazo la sufuria.

Fundi wa majoho na alto,
Jericho, Nairobi